Maana ya Maneno ya Kilatini Kortini



Mzee mmoja wa kwetu, mkulima wa kahawa, alinijia ofisini siku moja akiwa na karatasi ya korti mkononi. Mwanawe alikwisha kumsomea yote, isipokuwa maneno mawili yaliyowashinda: ex parte. "Bwana karani," akasema, "nasikia wewe ulifundishwa Kilatini na mapadre. Haya ni maneno gani?" Nami nilikuwa na kazi nyingi, tena nilifurahi kuonekana mtu wa elimu. Nikamjibu mara moja: "Mzee, maana yake, kutoka upande mmoja." Akanishukuru, akaenda zake.

Baada ya miezi miwili alirudi, na uso wake haukuwa ule wa kwanza. Mpima ardhi alikuwa amefika kutia alama katika shamba zima lililogombewa. Kumbe mzee aliposikia "upande mmoja" alifahamu kwamba korti imeligawa shamba, upande mmoja wapewe wale, na upande wa pili ubaki wake. Basi alikaa kimya akingoja kugawiwa. Neno nililifasiri sawasawa, lakini maana yake sikumpa.

Maana yenyewe ni hii: shauri limesikizwa kwa maneno ya upande mmoja tu. Hutokea mara nyingi mtu apatapo samansi naye asiitikie. Hata hivyo hukumu ya namna hii siyo mwisho wa njia. Kanuni za mashauri ya madai za Kenya za mwaka 2010 zampa hakimu uwezo wa kuitangua, iwapo aliyeshindwa ataomba na kuonyesha sababu ya haki. Lakini asikawie, kwa maana akikawia ataulizwa alikuwa wapi. Mzee wangu alipoteza miezi miwili kwa jibu langu la maneno matatu.

Labda msomaji atauliza, lugha ya Warumi yatafuta nini katika korti zetu? Zamani mashauri ya Uingereza yalinenwa kwa Kifaransa na kuandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362 sheria ilitolewa ili yanenwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakukijua Kifaransa. Lakini vitabu vya korti viliendelea kuandikwa kwa Kilatini mpaka mwaka 1733. Hata baada ya hapo maneno kadha wa kadha yalibaki vinywani mwa mawakili, na sheria za Kiingereza zilipoletwa Kenya mwaka 1897, yalikuja pamoja nazo. Huko Uingereza kwenyewe, kanuni zilizoanza mwaka 1999 ziliyaondoa baadhi yake katika mashauri ya madai, ex parte likiwa mojawapo. Kwetu bado yapo, na yafaa tuyajue.

Affidavit maana yake "ameapa". Ni hati ya kiapo. Ukitia sahihi au kidole chako, umeapa kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na uwongo ndani yake ni kosa la kushtakiwa. Basi usitie kidole kabla ya kusomewa kwa lugha uijuayo.

Habeas corpus maana yake "uwe nao mwili". Wengine huogopa wakidhani ni habari ya maiti, kumbe ni habari ya mtu aliye hai. Jaji humwamuru yule anayemzuia mtu amlete mbele yake, aeleze anamzuia kwa sheria gani. Mwaka 1771 mtumwa James Somerset alikuwa amefungwa minyororo ndani ya merikebu katika mto Thames, tayari kupelekwa Jamaica akauzwe. Kwa hati hiyo aliletwa mbele ya Jaji Mansfield mjini London, na mwaka 1772 akaachiliwa huru. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka amri hii miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kamwe.

Makarani wenzangu, mtu akituletea karatasi ya namna hii, haji kupima elimu yetu. Anataka kujua mambo mawili: imempasa kufanya nini, na kabla ya siku gani. Tusipojua, tumpeleke kwa ajuaye. Nawe mkulima, ukijibiwa kwa maneno matatu kama nilivyojibu mimi, usishukuru upesi. Uliza tena.

Ama yule mzee, nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwa wakili, na ombi lake la kutangua hukumu limepokelewa. Sasa shauri ni sub judice, yaani liko chini ya hakimu, wala haifai kulizungumza gazetini kabla halijaamuliwa. Kwa hiyo naweka kalamu chini.