Kutoka Waithaka hadi Mama Ngina: Tangu lini kupunga upepo kukawa uzururaji?

Shule zikikaribia kufungwa, na hasa Desemba ikibisha hodi, makundi ya WhatsApp ya vijana wa Waithaka, Riruta na Kawangware hubadilika sura. Ghafla kunaundwa kundi jipya lenye picha ya mnazi, mweka hazina anachaguliwa, na kila mtu anaagizwa kutuma mia mbili kila wiki. Safari ni ya Mombasa. Wengine hulipa hadi mwisho, wengine hutoweka wiki ya tatu na simu haishikwi tena. Wanaofika, wengi wao, hawaanzii hotelini wala kwenye mchanga mweupe wa matangazo. Kituo cha kwanza ni Mama Ngina, pale ambapo wenyeji wengi bado wanapaita Lighthouse.

Makala haya ni ya anayekwenda kwa mara ya kwanza. Lakini pia ni ya aliyebaki mtaani, kwa sababu sisi tunaona kwamba kuna jambo pale ukingoni mwa bahari ambalo Nairobi imetunyima, na si bahari.

Tuanze na safari yenyewe. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya SGR ni Sh1,500, kwa hivyo kwenda na kurudi ni Sh3,000, hela ambazo mtaani hukaribia kodi ya mwezi ya chumba cha mabati. Kituo cha treni kiko Syokimau, upande wa pili kabisa wa jiji. Mtu wa Waithaka anayetaka treni ya asubuhi hutoka nyumbani gizani, apande matatu hadi tao, kisha nyingine hadi stesheni, na akikwama kwenye msongamano treni haimngojei. Ukifika Miritini bado hujaingia kisiwani. Kuna matatu, kuna tuktuk. Uliza bei kabla ya kukaa, si baada ya kufika.

Mama Ngina ni barabara inayozunguka ncha ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni. Zamani iliitwa Azania Drive. Bustani yenyewe, ekari 26, ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka wa 2019, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za kitaifa za Mashujaa Dei zikafanyiwa hapo hapo. Ndipo zikaja njia za kutembelea zilizosakafiwa vizuri, viti, ukumbi wa wazi wa maonyesho na vibanda vya wachuuzi. Lakini usidhani serikali ndiyo iliyoleta watu. Kabla ya saruji hiyo, familia za Mombasa zilikuwa zinakuja jioni, hasa wikendi na siku za Idd, zinakaa kwenye ukuta na kutazama maji. Watu ndio waliotangulia, ramani ikafuata.

Jambo litakaloshangaza macho ya mtu wa bara ni meli. Mkondo unaoelekea bandari ya Kilindini unapita mbele yako, na jina lenyewe linakueleza kwa nini: kilindi ni mahali penye kina kirefu. Basi unakaa kwenye ukuta, unatafuna muhogo, na meli iliyopakia makontena inapita karibu kiasi kwamba unawaona mabaharia wakitembea juu. Sisi tuliozoea kuhesabu malori kwenye Naivasha Road tunahitaji dakika kadhaa kukubali kwamba kitu kikubwa kiasi kile kinaweza kusonga bila kelele wala honi ya kuudhi.

Halafu kuna chakula. Muhogo uliochomwa hupasuliwa katikati, ukapakwa ndimu na chumvi ya pilipili, na usipokuwa mwangalifu pilipili hiyo itakutoa machozi mbele ya wageni. Kuna viazi karai vya kuchovya kwenye ukwaju, kuna madafu, kuna achari ya maembe, kuna krisipi za muhogo zinazokaangwa hapo hapo ukitazama. Kuna mabuyu pia, yale mekundu yanayopaka ulimi rangi kutwa nzima. Na mibuyu yenyewe imesimama hapo, minene, mizee kuliko barabara. Tahadhari ndogo kwa vijana wetu: mtaani "mbuyu" ni babako. Pwani ni mti. Ukisema mbuyu wako amekutumia pesa, jiandae kueleza.

Adabu nayo ni sehemu ya nauli. Mombasa hujavamia tu ufuo, umeingia mji wa watu. Kabla ya kuuliza bei, salimia. "Niaje" inafanya kazi kwa rika lako, lakini mama anayeuza viazi karai si rika lako. Mwamkie shikamoo, au masalkheri ikiwa ni jioni, uone jinsi uso unavyofunguka. Usipige picha za watu waliojisitiri na familia zao bila kuomba. Na takataka ulizokuja nazo ondoka nazo, maana wenyeji wana malalamiko ya miaka mingi kuhusu wabara wanaofika Desemba na kuacha chupa kila mahali, na kusema kweli malalamiko hayo hayajatungwa.

Kuhusu kuogelea: pale Mama Ngina hapaogelewi. Chini ya ukuta ni miamba ya matumbawe na maji ya mkondo, na selfi ya kusimama ukingoni haina thamani ya maisha ya mtu. Anayetaka kuingia majini aende ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, maarufu kama Pirates, ambako kuna mchanga na watu na maboya ya tairi ya kukodisha. Na asiyekuwa na hela kabisa apande feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi chochote, na mandhari ya mkondo ule ukiwa juu ya maji ni bure vilevile. Rudi kabla ya usiku kuwa mwingi, simu mfukoni. Mombasa ina vijana wake wenye msoto kama wetu, na si kila anayekukaribia gizani amekuja kukuuzia krisipi.

Sasa, jambo lenyewe.

Mwambie mtu wa Mombasa unaenda Mama Ngina, atakuuliza: unaenda kupunga upepo? Ni shughuli inayoeleweka. Mtu mzima, mwenye akili timamu, ametoka kwake kwenda kukaa tu, upepo umpige. Hauzi, hanunui, hamngoji mtu. Kijana akikaa pale saa tatu na muhogo mmoja, hakuna anayemuuliza anafanya nini, kwa sababu jibu liko kwenye lugha tayari. Anabarizi.

Hebu jaribu hilo Nairobi. Kijana wa Waithaka asiye na kazi siku ya Jumanne saa nane mchana akae wapi? Akikaa kwenye ngazi za duka, anafukuza wateja. Wakikusanyika watano kwenye kona, ni genge. Akienda tao, mahali pa kukaa ni mkahawani, na mkahawani kiti kina bei ya chai. Msitu wa Karura ni mzuri kweli, lakini langoni kuna malipo, na kabla ya lango kuna nauli ya matatu mbili. Tunashukuru kuna Jeevanjee Gardens, ambayo A. M. Jeevanjee aliitoa kwa watu wa jiji mwaka wa 1906, na kuna Uhuru Park, ambayo tusisahau ingekuwa na jumba la ghorofa 60 leo kama Wangari Maathai hangesimama kidete mwaka wa 1989. Bustani mbili za katikati ya jiji, moja zawadi na nyingine iliyopiganiwa. Kutoka mtaani hadi huko, kijana tayari ametumia nauli ya kwenda na ya kurudi.

Jiji hili lilijengwa kwa wasiwasi juu ya mtu aliyekaa. Tangu enzi za kipande, Mwafrika aliyeonekana Nairobi bila kazi ya kueleza alikuwa na kesi ya kujibu. Kipande kimeenda, wasiwasi umebaki. Kile ambacho Mombasa wanakiita kupunga upepo, huku kwetu kinaitwa uzururaji. Mwili ni ule ule, saa ni zile zile, tofauti ni ukuta uliokalia.

Mtu atasema: lakini Mombasa wana bahari, sisi tuna nini? Tuna maji. Hata jina la jiji ni la maji, kutoka Kimaasai, maji baridi. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hatua chache tu kutoka kwetu, kisha unateremka kupitia mitaa ya magharibi kabla haujaingia tao. Mto Motoine nao unatoka upande wa Dagoretti, unapita hadi Nairobi Dam, kati ya Kibera na Lang'ata. Bwawa hilo lilichimbwa mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakienda pale kupiga mashua za tanga na kuvua samaki. Mashua za tanga, Nairobi! Wazee wa Kibera watakueleza. Leo limejaa tope na magugu maji, na kijana aliyezaliwa karibu nalo hajui kwamba lile zulia la kijani lilikuwa uso wa maji.

Kwa hivyo tunachanga mia mbili kila wiki kwenda karibu kilomita 480 kutafuta ukuta wa kukalia mbele ya maji, ilhali maji yanapita nyuma ya nyumba zetu na tumeyapa mgongo. Nyumba zinatazama barabara, na mto ndio jalala. Kibaya zaidi, mto huo unakwenda kule kule tunakokwenda. Unaingia Athi, Athi inakuwa Galana kule Tsavo, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini chupa tunazotupa mtoni hazikupigwa, nazo hazilipi Sh1,500.

Serikali imesema inataka kuurudisha mto. Tangu 2024 vijana wamekuwa wakilipwa kuusafisha chini ya mpango wa Climate WorX, na waliopata kibarua hicho wamefanya kazi ambayo wengi wetu hatungeigusa. Lakini mwaka huo huo, baada ya mafuriko ya Aprili, waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni waliamriwa kuondoka, na kule Mathare na Mukuru matingatinga yakafika. Watu walipoteza nyumba. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: zile mita 30 zilizosafishwa ni za nani? Zikiwekewa ua na mlinzi, na baadaye kibao cha mali ya kibinafsi, basi maskini atakuwa amehamishwa ili mwingine apate mandhari.

Inawezekana kufanywa vinginevyo, na si lazima twende Ulaya kutafuta mfano. Forodhani, pale Unguja, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2009 kwa msaada wa shirika la Aga Khan. Ukuta wa bahari ulijengwa upya, nyasi na taa zikawekwa. Na wale wauzaji wa mishikaki, pweza na Zanzibar piza walirudi. Mpaka leo jioni ikiingia, mwenyeji na mtalii wanapanga foleni kwenye jiko moja, na mtoto asiye na senti anakaa kwenye ukuta ule ule akitazama wenzake wakijirusha majini. Aliyechora mpango ule alijua kwamba ukingo wa maji bila muuza chakula ni maegesho tu.

Kwa hivyo nenda Mombasa. Changa, panda treni, kula muhogo, tazama meli. Lakini ukiwa umekaa kwenye ukuta wa Mama Ngina, angalia vitu vidogo. Angalia viti vimetazama wapi, umbali gani kati ya taa na taa, choo kiko wapi, muuza madafu amepewa nafasi gani, mzee mwenye fimbo anashukaje. Piga picha za hivyo pia, si za sura yako peke yake. Kaunti ya Nairobi ikija kwenye wadi kukusanya maoni kuhusu bajeti, kama sheria inavyoitaka, ukumbini huwa na wazee kumi na tano na mwanasiasa mmoja. Waithaka ni wadi. Nenda na simu yako, waonyeshe zile picha, uulize benchi la kwanza kando ya mto litawekwa wapi na litagharimu ngapi.