Chuo Kinaishia Getini?

Makamanda, naanza na lililonikuta mwenyewe, maana bila hilo nisingeandika.

Nikiwa mwaka wa pili hapa Singida mjini, tuliporwa simu mbili na kompyuta tukitoka diskasheni, saa nne usiku. Hatukuwa mbali, taa za geti tulikuwa tunaziona. Mwenzetu wa kike alipigwa bapa la panga begani. Asubuhi tukaenda kwa mkuu wa walinzi wa chuo. Mzee yule alitusikiliza vizuri kabisa, kisha akafunga daftari lake bila kuandika neno. "Hilo ni la nje, wanangu. Nendeni polisi." Polisi tukapewa RB: unyang'anyi, mtaa fulani, basi. Hakuna aliyeandika kwamba sisi ni wanachuo. Mwisho wa mwaka, kwenye kikao na wanafunzi, tukatangaziwa kwamba chuo chetu ni salama, hakuna tukio lililoripotiwa. Watu wakapiga makofi. Na ukifuata lile daftari, hawakusema uongo!

Ndiyo maana nikisikia vijana wetu wanadai vyuo vitangaze takwimu za uhalifu kila mwaka, naunga mkono, lakini nauliza kwanza: vitahesabu wapi? Takwimu zinazotolewa na Jeshi la Polisi pamoja na NBS hupangwa kwa mikoa na aina ya kosa. Aliyeporwa Singida anaingia kwenye Singida, awe mwanachuo au muuza alizeti. Kwa hiyo kama chuo hakihesabu, hakuna mwingine atakayemhesabia mwanafunzi.

Marekani walishalifikiria hili. Mwaka 1986 mwanafunzi wa miaka 19, Jeanne Clery, alibakwa na kuuawa ndani ya bweni lake katika Chuo Kikuu cha Lehigh. Wazazi wake walipambana mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria ambayo leo ina jina lake. Vyuo vinatakiwa kutoa ripoti kila mwaka, na sheria inataja maeneo: ndani ya kampasi na mabweni yake, majengo ya nje ambayo chuo kinayamiliki au kuyasimamia, na maeneo ya umma yanayopakana na kampasi, kama barabara ya mbele ya geti. Sisi tungehesabiwa hapo. Lakini chumba cha kupanga kwa mwenye nyumba wa kawaida, mitaa miwili mbele, hakimo. Mstari wao unafuata umiliki.

Sasa uhamishie hapa kwetu. Hosteli ya Mabibo iko mbali na Mlimani, lakini ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo kwa kanuni ile ingehesabiwa. Mwanafunzi wa chuo hicho hicho aliyepanga uswahilini angeachwa. Na nchi hii wanachuo wangapi wanalala gheto kwa sababu mabweni hayatoshi? Tukiiga sheria ya Marekani neno kwa neno, tutapata ripoti safi na mabinti wanaoendelea kukimbizwa vichochoroni.

Mimi napendekeza tumfuate mwanafunzi. Kama chuo kinampa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza orodha ya hosteli binafsi, hosteli hizo zihesabiwe. Njia ya kutoka huko mpaka darasani ihesabiwe. Na fildi ihesabiwe, hili msilipite haraka. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliuawa kwa risasi tarehe 16 Februari 2018 akiwa ndani ya daladala Kinondoni, polisi wakitawanya maandamano ya chama chetu. Alikuwa kwenye shughuli za mafunzo yake kwa vitendo, hakuwa mwandamanaji. Mpaka leo hakuna askari aliyetiwa hatiani. Kwa daftari la getini, kifo kile ni "la nje". Fildi ndiko pia binti anakokutana na bosi anayetaka "kitu kidogo" ndipo amsainie fomu. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, lakini imetendeka kwenye ofisi isiyo ya chuo. Aiandike nani?

Wakuu wa vyuo watasema: tutawajibikaje kwa kibaka wa mtaani? Hoja yao ina uzito, sitaidharau. Lakini kuhesabu si kukiri kosa. Weka safu mbili, ndani na nje, kila mtu aone. Ikionekana matukio mengi yako kwenye kipande kimoja cha njia saa tatu hadi saa tano usiku, halmashauri inajua pa kuweka taa na OCD anajua pa kupeleka doria. Na tuwe waangalifu, ripoti isitaje nyumba. Hosteli ya vyumba kumi ikiandikwa "ubakaji, mmoja", kesho mtaa mzima unamjua binti. Taja eneo na muda, inatosha.

Sio lazima tusubiri tuingie Ikulu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Walioko kwenye serikali za wanafunzi, andikeni barua. Msiulize "matukio ni mangapi?", mtajibiwa sifuri. Ulizeni daftari la walinzi linarekodi matukio ya kuanzia wapi mpaka wapi, nani aliuweka huo mpaka, na mwanafunzi akiumizwa nje ya hapo anaandikwa kwenye karatasi gani. Yangu naipeleka Jumatatu. Wakijibu, nitaibandika hapa hapa kama ilivyo. Wasipojibu, siku ya 31 mtaniona tena.