Modi za Morrowind: anza na moja tu

Vijana wa Kibera na Kawangware wanaoniuliza kuhusu modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji hujitungia gemu, huanza na swali lilelile: nipakue furushi gani kubwa? Jamani, hakuna! Gigabaiti 40 ni za mwenye faiba nyumbani, si wewe unayehesabu bando au kulipia saiba kwa dakika.

Anza na Morrowind ya mwaka 2002. Inakubali kompyuta ya mtumba iliyostaafu ofisini, na modi zake nyingi ni za kilobaiti tu, flashi kuukuu inazibeba. Nakili folda nzima ya gemu pembeni kwanza. Kisha tia faili ya .esp ndani ya Data Files, iwekee alama kwenye orodha, ingia ucheze. Ukiona imekubali, ongeza ya pili.

Mbona moja moja? Modi mbili zikigusa kitu kimoja, tuseme upanga uleule, inayosomwa mwisho ndiyo hushinda, na Morrowind husoma .esp kwa kufuata tarehe za faili. Ukimwaga 60 kwa mkupuo, gemu ikikwama utamshika nani?

Najua zipo programu za kukupangia. Nzuri, lakini zije baadaye. Aliyepanga kwa mkono anajua kila faili inakaa wapi, na kazi yangu ya kila siku ni hiyohiyo: kuongeza kitu kwenye programu ya mwenzangu bila kuivunja.

Ukizoea, fungua Construction Set, iliyokuja na gemu yenyewe kwenye kompyuta, utunge yako. Mimi ningeanza na kibanda cha chapati katika mji wa Balmora.