Taharuki Haijengwi kwa Sifa

Kuna mazoea yaliyokita mizizi katika idara zetu, nayo ni kudhani kwamba mhakiki akishasema "vizuri" amekwisha kuhakiki. Makala hii inayapinga mazoea hayo.

Mwanafunzi mmoja alituletea mwanzo wa filamu fupi ya kusisimua, wa dakika mbili. Mwanamke anaingia nyumbani usiku, anafunga mlango kwa kufuli, anaweka mkoba mezani. Ghafla mkono unamkaba kutoka nyuma. Tuliosoma na kutazama kazi hiyo tulikuwa watatu. Wa kwanza, naye ni mwandishi wa makala hii, alisifu mwangaza. Wa pili alishauri muziki uongezwe. Wa tatu aliandika kwamba hiyo ni sanaa pendwa tu, haifai kudaiwa kina. Kijana akaongeza muziki. Mwanzo ukazidi kuharibika.

Kosa lilikuwa wazi, wala hatukuligusa: mtazamaji hakujua lolote asilolijua mhusika. Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyochapishwa mwaka 1966, alitofautisha mshtuko na taharuki. Bomu likilipuka chini ya meza bila sisi kulijua, tutashtuka kwa sekunde chache. Tukijua kwamba lipo, hata soga za walioketi hapo zitatutia jakamoyo kwa dakika nyingi. Orson Welles alilidhihirisha jambo hilo katika *Touch of Evil* (1958). Bomu linategwa, linatiwa katika buti la gari, kisha kwa zaidi ya dakika tatu kamera inatembea mitaani bila kukatizwa, nasi tunasubiri. Filamu hiyo ilipohaririwa upya mwaka 1998 kwa kufuata waraka wa Welles mwenyewe, muziki wa mwanzo huo uliondolewa, zikasikika sauti za mtaani. Taharuki haikupungua hata chembe.

Laiti tungalimwambia mwanafunzi neno moja: tuonyeshe mkono huo kabla mwanamke hajafunga mlango! Hapo kufuli, ambalo kwake ni usalama, kwetu lingekuwa jela. Hicho ndicho kinaya, na ndicho kiini cha utanzu huu.

Watatokea watakaodai kwamba mche mchanga haupaliliwi kwa jembe kali. Naam, matusi si uhakiki. Lakini kumsifu mtu bila kuichunguza kazi yake ni kumdharau kwa upole. Ama hoja ya sanaa pendwa, hiyo inajipinga yenyewe. Kazi ya kifalsafa ikiwa na msuko dhaifu huweza kuokolewa na fikra zake. Ya taharuki ikikosa ufundi haina pa kukimbilia. Kwa hivyo, ndiyo inayostahili jicho kali zaidi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tuliyaficha maradhi ya mwenzetu, tena kwa wino mwekundu. Alama tulimpa, elimu tukamnyima.