Soma kibati kwanza, ndipo ushike spana

Madhila yanayowakumba wenye magari makuukuu nchini ni mengi, lakini hili la giaboksi za otomatiki limepita kiasi, na sioni sababu ya kulinyamazia.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikitia kiinua mgongo chake katika Toyota Corolla ya mwaka 1995 ili alifanye teksi. Lilipoanza kusitasita katika kubadili gia, fundi alikata kauli papo hapo, bila hata kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Ikanunuliwa, ikafungwa. Kuanzia siku hiyo gari likawa linaondoka kwa uzito kama punda aliyelemewa, wala halikubadili gia lenyewe tena. Fundi naye, bila haya, akamtaka mzee anunue ya tatu!

Ilhali jibu lilikuwa chini ya boneti. Toyota zitokazo Japani huwa na kibati chembamba kilichopigiliwa humo, chenye namba ya fremu, rangi, na maneno TRANS/AXLE. Mbele ya maneno hayo ndipo lilipo jina la giaboksi. Corolla za miaka hiyo ziliundwa nyingine kwa A131L, yenye gia 3 na inayoongozwa kwa shinikizo la mafuta. Nyingine kwa A245E, yenye gia 4 na inayopokea amri kutoka kwa kompyuta ya gari. Anayepita Kirinyaga Road, Nairobi, huona giaboksi zimerundikwa, nyeusi tititi kwa grisi, na kwa jicho tupu zote ni ndugu. Gari la mzee lilikuwa la A131L; aliyouziwa ni A245E. Kwa kuwa hakuuziwa kompyuta wala nyaya zake, giaboksi hiyo ilikuwa ikingoja amri ambazo hazingekuja kamwe.

Tena, huenda ile ya kwanza haikuwa imekufa. Mafuta yakipungua au kuungua, au chujio likiziba, gia husitasita vivyo hivyo. Na mafuta yenyewe si ya aina moja: Dexron, T-IV na WS hazimwagwi ovyo ovyo kama maji mtungini.

Najua mafundi watanijibu kwamba mteja hutaka gari lake jioni ile ile, na malipo ni ya kubembelezana. Ni kweli, nasi wenye magari tuna lawama yetu. Hata hivyo, kusoma kibati hakuhitaji ila kitambaa cha kufutia vumbi na dakika mbili.

Ninalopendekeza ni hili. Muuzaji wa giaboksi kuukuu aandike katika risiti jina la giaboksi na namba ya fremu ya gari inakokwenda, na airudishe fedha endapo haviafikiani. Mitihani ya ufundi inayosimamiwa na NITA nayo ilipe jambo hili uzito, ili kijana asitoke na cheti akiwa hajui kutofautisha A131L na A245E.

Mzee alimpata fundi mwingine, kijana mpole, aliyekifuta kibati na kusoma kabla ya kugusa spana. Gari sasa liko barabarani. Ile A245E ingali uani kwake, imefunikwa gunia, kwa maana aliyemuuzia amekataa katakata kuipokea.