Miaka 20 katika Asia: Australia iliukimbia ushindi rahisi, na ilikuwa sahihi

Mwishoni mwa Machi, Leopards wa Kongo watacheza mjini Guadalajara, Mexico, mechi moja tu itakayoamua kama watakwenda Kombe la Dunia la 2026. Mpinzani wao atakuwa Jamaica au New Caledonia. Jina hilo la pili ni geni kwa mashabiki wengi wa mpira hapa Kongo. New Caledonia ni visiwa vilivyo chini ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki, na wakaaji wake hawafiki laki tatu. Timu ya visiwa hivyo inafikaje mlango mmoja na nchi ya watu zaidi ya milioni mia moja?

Jibu linaanzia tarehe 1 Januari 2006. Siku hiyo Australia iliondoka rasmi katika shirikisho la mpira la Oceania, OFC, na kuingia katika shirikisho la Asia, AFC. Januari hii imetimia miaka 20. Kwa muda wote huo kuna wanaosema kwamba Australia ilitafuta njia ya mkato na kuwatupa majirani zake. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inasahau jambo kubwa zaidi: Australia iliondoka mahali ilipokuwa inamshinda karibu kila mtu, ikaenda mahali ambapo ingeweza kushindwa. Ilikuwa sahihi kufanya hivyo.

Wakongo wana sababu ya kuielewa historia hii. Zaire na Australia zilifika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka mmoja, 1974, huko Ujerumani Magharibi. Zote mbili zilirudi nyumbani bila kufunga hata bao moja. Wakati huo timu za Asia na Oceania zilichujwa pamoja, na Australia ilifuzu baada ya kuzipita Iraq, Iran na Korea Kusini. Baadaye Oceania ikapewa njia yake peke yake, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Njia hiyo ilikuwa laini sana ndani, na ngumu sana mlangoni. Mwezi Aprili 2001, mjini Coffs Harbour, Australia iliifunga Tonga 22-0. Siku mbili baadaye iliifunga American Samoa 31-0, na mchezaji mmoja, Archie Thompson, alifunga mabao 13 peke yake. Mpaka leo hakuna mechi ya kimataifa ya wanaume yenye matokeo makubwa kuliko hayo. Lakini mabao 31 hayakumfundisha beki namna ya kumzuia mshambuliaji wa Amerika Kusini. Miezi saba baadaye Australia ilikwenda Montevideo na kufungwa na Uruguay 3-0. Kombe la Dunia la 2002 likapita bila wao. Jogoo wa shamba hawiki mjini.

Haikuwa mara ya kwanza. Mshindi wa Oceania hakuwa na tiketi ya moja kwa moja. Alipaswa kucheza mechi za mchujo na timu ya bara lingine. Mwaka 1993 Australia ilitolewa na Argentina ya Diego Maradona: sare ya 1-1 Sydney, kisha 1-0 Buenos Aires. Mwaka 1997 ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Iran mjini Melbourne, ikibaki robo saa tu. Iran ikafunga mara mbili ndani ya dakika chache na kupita kwa bao la ugenini. Katika safari nzima ya kufuzu Australia haikupoteza mechi hata moja, lakini ilibaki nyumbani.

Mwishoni mwa 2002, FIFA iliahidi kuipa Oceania nafasi kamili kwa Kombe la Dunia la 2006. Katikati ya 2003 ikaiondoa ahadi hiyo. Baada ya hapo viongozi wa mpira wa Australia waliacha kungoja huruma ya Zurich. Waliomba kuhama. AFC iliwakubali Machi 2005, Oceania ikawaruhusu kuondoka, na FIFA ikatia muhuri mwezi Juni.

Wengi wanasahau kwamba tarehe 16 Novemba 2005, Australia ilipoifunga Uruguay kwa penalti mjini Sydney na kurudi Kombe la Dunia baada ya miaka 32, uamuzi wa kuhama ulikuwa tayari umepitishwa. Ilipita kwa mlango wa Oceania kwa mara ya mwisho, huku mizigo imekwisha kufungwa. Ingeweza kusema kwamba sasa njia ya zamani inatosha. Lakini ilikwenda Asia hata hivyo.

Na Asia haikuipokea kwa maua. Katika Kombe la Asia la 2007, mashindano yake makubwa ya kwanza huko, timu iliyokuwa imefika hatua ya 16 bora duniani mwaka mmoja nyuma ilitoka sare ya 1-1 na Oman, ikafungwa 3-1 na Iraq, kisha ikatolewa na Japani katika robo fainali. Wachezaji waliozoea kucheza Ulaya walijikuta katika joto la Bangkok wakifukuzwa na vijana wa Iraq ambao nchi yao ilikuwa vitani. Iraq hiyo ndiyo iliyobeba kombe.

Somo lilikuwa chungu, lakini lilieleweka. Mwaka 2011 Australia ilifika fainali, na mwaka 2015 ilitwaa Kombe la Asia ikiwa mwenyeji, kwa kuifunga Korea Kusini 2-1 katika muda wa nyongeza. Tangu ihame, haijakosa Kombe la Dunia hata moja: 2010, 2014, 2018, 2022, na sasa 2026. Kabla ya hapo ilikuwa imefika mara mbili tu.

Ni haki kusema pia nani aliyelipa gharama. Nafasi anazochukua Australia ni nafasi ambazo wengine wanakosa. Mwaka 2017 Syria, nchi iliyoharibiwa na vita, ilitolewa na Australia katika muda wa nyongeza mjini Sydney, baada ya mpira wake wa adhabu kugonga mwamba katika dakika za mwisho. Syria haijawahi kufika Kombe la Dunia. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Falme za Kiarabu kuumia. Si ajabu kwamba baada ya ushindi wa 2015 zilisikika sauti kutoka Asia Magharibi zikitaka mgeni huyo arudishwe kwao. Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini dawa ya mpinzani mwenye nguvu si kumfungia mlango. Aliyefungwa naye leo ana nafasi ya kujipanga na kumfunga kesho, kama Iraq ilivyofanya.

Na majirani walioachwa? Wengi walidhani Oceania itakufa. New Zealand, iliyokuwa imezoea kuishi kwenye kivuli cha Australia, iliitoa Bahrain na kwenda Afrika Kusini mwaka 2010. Huko ilitoka sare mechi zote tatu, ikiwemo ya 1-1 na Italia, waliokuwa mabingwa wa dunia. Tahiti ilitwaa ubingwa wa Oceania mwaka 2012. Na Kombe la Dunia lilipopanuliwa hadi timu 48, Oceania ilipata kwa mara ya kwanza nafasi ya moja kwa moja. New Zealand imeichukua, baada ya kuifunga New Caledonia 3-0 katika fainali, na aliyeshindwa akapelekwa kwenye mchujo wa Mexico. Kama Australia ingebaki, ni vigumu kuona visiwa hivyo vidogo vikifika huko.

Afrika ilichagua njia tofauti. Kwa Kombe la 1966, FIFA ilitaka mshindi wa Afrika apambane na mshindi wa Asia na Oceania kwa tiketi moja. Nchi za Afrika, Ghana ikiwa mbele, zilikataa na kususia. Matokeo yake bara likapata nafasi yake kuanzia 1970. Morocco ikaitumia kwanza, kisha Zaire mwaka 1974. Hivyo safari ya pekee ya Leopards katika Kombe la Dunia ilitokana na watu waliokataa mlango mbaya. Australia nayo iliukataa mlango mbaya, kwa namna yake.

Kongo haina pa kuhamia wala haihitaji. Kinachoihusu ni fundisho lenyewe: chuma hunoa chuma. Machi 2022 Leopards walishikilia sare ya 1-1 na Morocco Kinshasa, kisha wakafungwa 4-1 Casablanca. Novemba 2025 waliifunga Cameroon 1-0, na siku tatu baadaye wakaitoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat. Vikosi hivyo viwili vilitenganishwa na miaka ya mechi ngumu, si ya mechi za kujipa moyo.

Kwa hiyo hatari ya Guadalajara haiko kwenye jina la mpinzani. Iko kwenye kuamini kwamba anayetoka visiwani ameshashindwa kabla ya filimbi. Melbourne mwaka 1997, uwanja mzima ulikuwa unashangilia robo saa kabla ya mwisho.

Na baada ya Machi, ushindi au kushindwa, shirikisho la mpira la Kongo, FECOFA, litapaswa kuchagua wapinzani wa mechi za kirafiki. Itakuwa rahisi kuita timu dhaifu, kujaza uwanja wa Martyrs na kufunga mabao matano. Mashabiki watalala na furaha. Australia ilishawahi kufunga 31, na ilipoamka bado ilikuwa nje ya Kombe la Dunia.