Nani Amempa Nabii Haki ya Kuhukumu?

Kwetu Fizi, kutoka Nundu mpaka Baraka na kule milimani, mtu akigonjwa sana ao mtoto akifa ghafula, maneno mawili yanatoka haraka: «Nani amemroga?» Zamani jibu lilitafutwa kwa mfumu. Siku hizi wengi wanalitafuta katika chumba cha maombi. Nabii anafunga macho, anasema ameonyeshwa, kisha anataja jirani. Mara nyingi anayetajwa ni mama mzee, mjane, ao mtoto yatima asiye na wa kumsemea. Tajiri ao mkubwa wa serikali hatajwi. Hilo peke yake lingetosha kutufungua macho.

Sisi tunaoshughulika na mila hatuandiki haya ili kupiga vita Kanisa. Misioni zilituletea shule. Hospitali ya Nundu, kazi ya Wametodisti Huru, imesaidia wamama wengi kuzaa salama. Vita vya 1996 na 1998 vilipotutawanya, na ndugu zetu wengi wakavuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, ibada ndiyo iliyowakusanya tena kama jamaa. Asiyekubali hayo hana shukrani. Lakini kushukuru si kufunga mdomo.

Tukumbuke tumetoka wapi. Wamisionari wengi walituambia Bwami ni kazi ya shetani, na serikali ya Wabelgiji ikaikataza mwaka 1948. Je, Bwami ilikuwa nini? Daniel Biebuyck, mtaalamu aliyefanya utafiti kwa Warega na kwa Wabembe, alionyesha katika kitabu chake cha 1973 juu ya Warega, ndugu zetu, kwamba ilikuwa shule ya tabia. Ilifundisha kwa methali, kwa ngoma na kwa sanamu ndogo za pembe na za mti. Mtu alipanda ngazi moja moja, miaka mingi, jamaa ikimsaidia, na bila mke wake hakufika juu. Mwenye fujo na kiburi hakupata njia.

Na Lubunga je? Pale shauri lilisemwa mbele ya watu. Aliyeshitakiwa alijibu kwa kinywa chake, na wazee walisikiliza pande mbili kabla ya kukata neno. Ndiyo maana tunasema penye wazee haliharibiki neno.

Hatudai kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri, hapana. Wafumu walipiga ramli, na watu wasio na kosa waliteswa. Wamisionari walipokemea jambo hilo walikuwa na haki kabisa. Basi tunauliza: ramli ileile ikivaa suti na kushika Biblia, inageuka kuwa nini? Eti unabii! Tumetupa Lubunga, ambapo mtu alijibu, tukabaki na ramli, ambapo mtu hajibu. Tumechagua vibaya.

Watatuambia: Biblia yenyewe inataja wachawi, na Roho anafunua siri. Sawa. Lakini Biblia hiyohiyo inakataza kumshuhudia jirani uongo, na Torati inadai mashahidi wawili ao watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Ndoto ya mtu mmoja si shahidi hata mmoja.

Tena, sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inatoa kwa kosa hilo kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000. Mchungaji anayenyoshea mtoto kidole mbele ya waamini anavunja sheria ya nchi, hata akiimba zaburi.

Na anayedhani haya ni maneno tu, aangalie jimbo letu hili la Kivu ya Kusini. Mwezi wa 9 mwaka 2021, huko Kalehe, Kabare na Walungu, wanawake walioitwa wachawi walichomwa moto ao kupigwa mpaka kufa. Watabiri wa kike wanaoitwa bajakazi walikuwa wakitaja watu, na vijana wakamaliza kazi. Moto wa namna hiyo hauulizi mpaka wa teritori.

Wakati huohuo magonjwa yenyewe yanatucheka. Kipindupindu cha huku ziwani kinatoka katika maji machafu. Kinaweza kuua watu wawili watatu wa nyumba moja kwa siku chache. Malaria inaua mtoto upesi. Mama aliyempeleka mtoto kufunga na kuomba siku tatu, badala ya kumpeleka hospitali, amepotezewa mtoto. Halafu anapewa jirani wa kuchukia.

Mwenye mamlaka ya kweli juu ya tabia za watu ni yule anayekubali kuulizwa. Mzee wa Lubunga aliulizwa. Hakimu anaulizwa. Nabii wa chumba cha maombi, nani anamuuliza?

Basi tunawaomba wachungaji, mapadri na mashehe wa sekta zetu nne, Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, waseme waziwazi katika ibada: hapa kwetu hakuna kumtaja mtu kwa uchawi. Tuombee wagonjwa, ndiyo, na tuwapeleke hospitali. Kama kuna chuki katika jamaa, iletwe mbele ya wazee, wamama wakiwemo, na kila mmoja ajibu. Nasi tulioenda shule, tukisikia mama mzee anatajwa, tusikae kimya kwa kuogopa kutajwa sisi pia. Tusimame karibu naye.